Chupa, kegi na friza ya barafu: kisa cha Mikanjuni, Tanga

Saa nane za usiku, mwezi wa pili, joto la kaskazi limekaza na upepo wenyewe umelala, dada yangu alinipigia simu. Salamu hakuna. "Kaka, njoo umwambie shemeji yako. Stoo inapasuka." Nyuma ya sauti yake nilisikia kwa masikio yangu mlio mmoja mkavu, kisha vipande vya chupa vikimwagika sakafuni kama sahani iliyoponyoka mkononi. Asubuhi nilipofika, jirani alikuwa ameshauliza kama kuna tairi la lori lililopasuka. Dada alimwambia ni chupa za siki. Katika mtaa ambao nyumba nyingi huamkia adhana ya alfajiri, jibu hilo lilikuwa na adabu kuliko ukweli wenyewe, na sote tuliliacha lilivyo.

Zilipasuka chupa tatu kati ya thelathini na nne za bia anayopika shemeji mwenyewe. Siku nne baadaye shemeji akaja na dawa yake: aachane na chupa, anunue kegi, yaani pipa la chuma linalotunza bia kwa presha ya gesi. Nimeandika kisa hiki kwa sababu watu wanaopika bia nyumbani huuliza swali hilohilo, chupa au kegi, na wengi hujibiwa kwa kuangalia chombo. Mimi ni fundi wa friji. Macho yangu yalikwenda kwanza kwenye ile friza ya dada.

Nyumba na watu wake

Shemeji ni mstaafu wa bandari, ana miaka sitini na mitatu na magoti yanayolalamika. Sisi asili yetu Muheza, Waanglikana wa upande wa Magila, na pombe kwetu si jambo la kufichana, ila mjini unaishi na watu na unajua kipi cha sebuleni na kipi cha barazani. Mwanawe mkubwa ni baharia. Kila akija likizo humletea baba yake kimea cha unga, hopsi (maua machungu yanayoipa bia ladha) na pakiti za hamira ya bia, na mzee hupika lita 20 kwa mkupuo. Ukitoa mashapo ya chini ya ndoo zinabaki lita 18, yaani chupa 36 za nusu lita kama hakuna iliyomwagika.

Wanywaji ni watatu: yeye na wenzake wawili aliofanya nao kazi gatini. Jumamosi jioni, chupa mbilimbili, domo na karata. Nyingine chache hupanda gari kwenda Muheza kwa kaka yake. Hivyo mkupuo mmoja hukaa wiki tano, pengine sita. Hauzi hata chupa moja, na asiuze, maana bia ya kuuza ina leseni yake, TBS yake na stempu yake ya TRA, na huko mimi sina ushauri.

Dada naye ana friza ya kifuniko cha juu. Anauza barafu na lambalamba za ubuyu. Siku za kawaida ni hela ya mboga. Ukiingia mwezi wa Ramadhani ni hela ya ada za shule, kwa sababu kila nyumba inataka barafu ya juisi ya kufuturia, na foleni ya watoto wenye vikapu huanza saa kumi jioni. Wakati chupa zinapasuka, Ramadhani ilikuwa imebaki kama wiki mbili.

Kilichopasua chupa

Mgema yeyote wa Tanga anajua kwamba dumu la tembo la mnazi halikazwi kifuniko. Tembo likiwa bado linachemka lenyewe linatoa gesi, na gesi lazima ipate njia. Anayeweka bia kwenye chupa anafanya kinyume, tena makusudi: anaifungia gesi ndani ili bia iwe na povu. Ndiyo maana anahitaji kujua amefungia kiasi gani. Mgema hahitaji kujua.

Nilimwomba shemeji anisimulie hatua kwa hatua. Siku ya tano aliona ndoo imenyamaza, mapovu kwenye kile kifuniko cha maji yamekoma, akaona bia imeiva. Akaosha chupa, akatia sukari kijiko kimoja cha chai kila chupa, akajaza, akafunga vizibo. Nikamwambia alete kijiko hichohicho na mizani ya jikoni ya dada. Tulipima vijiko kumi. Chepesi kabisa kilikuwa gramu 5, kizito gramu 8, wastani 6. Chupa ya nusu lita, kwa bia ya kawaida na kwa joto letu, inataka gramu 3 na kidogo.

Hesabu yenyewe si ngumu. Bia ya chupa ya kawaida hulengwa ujazo wa gesi 2.4, maana yake lita 2.4 za kaboni dayoksaidi zimeyeyuka ndani ya kila lita ya bia. Bia iliyochacha kwenye nyuzi 28 inakuwa tayari imebaki na ujazo wa 0.7 hivi. Sukari ya shemeji, gramu 12 kwa lita, iliongeza ujazo kama 3.1. Hapo tumeshafika 3.8, ambako chupa iliyochakaa inaanza kukutazama vibaya.

Lakini kulikuwa na la pili, na hilo tulilijua baadaye. Mkupuo uliofuata nilimwazima haidromita yangu, kipimo kinachoelea ndani ya bia: namba ikishuka sukari inaliwa, ikitulia imekwisha. Bia ilianza na 1.048. Siku ya tano, ndoo ikiwa kimya vilevile, ilisoma 1.016. Siku ya tisa ikasoma 1.012, ya kumi 1.012, ya kumi na moja 1.012, ikatulia hapo. Ndoo kunyamaza siku ya tano kulimaanisha tu kwamba hamira imepunguza mwendo. Zile alama nne zilizokuwa zimebaki, kutoka 1.016 hadi 1.012, kila moja hutoa ujazo wa gesi karibu 0.5 ikichachia ndani ya chupa. Kama mkupuo wa kwanza ulikwenda kama huu wa pili, ongeza ujazo 2. Jumla karibu 5.8.

Kwenye stoo yenye nyuzi 30, chupa yenye ujazo 2.4 hubeba presha ya psi 36 hivi, sawa na tairi la gari dogo. Chupa yenye 5.8 hubeba karibu psi 100. Hilo ni tairi la lori. Jirani hakukosea sana.

Na kwa nini zipasuke tatu, zisipasuke zote? Nilizikagua zilizobaki. Chupa za kurudishwa zimesuguana kwenye kreti miaka na miaka, na ukizipeleka mwangani unaona pete nyeupe iliyochubuka begani na nyingine karibu na kitako. Pale glasi imechoka. Zenye pete nene nilizitoa, zikafika tisa. Hizo zinafaa mafuta ya taa na siki ya kweli. Nilimsihi abaki na chupa za rangi ya kahawia, asishawishike na za kijani eti ni nzuri: mwanga ukipiga bia yenye hopsi hutoa harufu ya kicheche, na kioo cha kahawia ndicho kinachouzuia.

Zile thelathini na moja zilizokuwa bado hai asubuhi ile zilitaka ujasiri kidogo. Nilivaa miwani ya kuchomelea na glavu za ngozi, nikafunika kreti kwa magunia yaliyolowa, nikazihamisha mojamoja hadi kwenye friza ya dada. Baridi huirudisha gesi ndani ya bia: presha ile ya psi 100 ikifika nyuzi 4 hushuka hata chini ya 50. Baada ya saa tatu tukafungua vizibo ndani ya beseni, taulo juu. Povu lilifika dirishani. Dada alisimama mlangoni amekunja mikono, lambalamba zake zimehamishiwa kwenye ndoo, na hakusema neno. Ningependa angesema.

Kegi ya Raskazone

Habari ya kegi ilitoka kwa mgeni mmoja wa Raskazone aliyekuwa anamaliza mkataba wake na kuuza vyombo. Kegi mbili za chuma kisichoshika kutu, lita 19 kila moja, mtungi mdogo wa gesi wa kilo 2.3, regyuleta ya kupunguza presha, mipira na bomba la kumiminia. Alikubali tuchukue kegi moja na mtungi tukajaribu wiki mbili kabla ya kulipa. "Shem," akaniambia shemeji akiipigapiga ubavuni, "chuma hakipasuki."

Nimtendee haki, sababu zake nyingine zilikuwa nzito kuliko hiyo. Mtu wa miaka sitini na mitatu kuchuchumaa uani akiosha chupa 36 kwa brashi, kuzisuuza kwa maji moto, kuzipanga, kuzijaza, kuzifunga, ni nusu siku na usiku wa kujipaka dawa ya magoti. Kegi unaosha chombo kimoja na kujaza kwa dakika ishirini. Unaitoa hewa kwa gesi kabla ya kujaza, kwa hiyo bia haikutani na oksijeni, nayo hubaki na ladha yake muda mrefu. Hakuna mashapo kwenye glasi. Ukitaka nusu glasi unamimina nusu glasi. Na gesi unaipanga kwa kugeuza skrubu, ukikosea leo unarekebisha kesho, jambo ambalo kizibo hakikuruhusu.

Kuna na hili ambalo hakulitaja lakini nililiona: kreti za bia zikipita mtaani kila mtu anazijua. Kegi watu wanadhani ni kitu cha fundi.

Kegi hizi zilitengenezwa kwanza kubebea sharubati ya soda kwenye migahawa ya Marekani, kabla wapika bia wa nyumbani hawajazigeuzia kazi. Ni chombo kigumu. Adui wake mkubwa nyumbani kwetu ni Jiki. Shemeji alizoea kulowekea chupa kwenye maji ya Jiki, na kwa chupa ni sawa ukisuuza vizuri. Klorini hiyohiyo ikilala ndani ya chuma kisichoshika kutu hukitoboatoboa vijishimo visivyoonekana, na humo bakteria hupanga chumba. Kegi ni sabuni ya magadi, maji moto, na uvumilivu kwenye vile vipira vya mfuniko.

Mtungi

Mtungi ulinipa kazi kuliko kegi. Begani ulikuwa na muhuri wa kupimwa presha: mwaka 2014. Mitungi ya aina hii ya Marekani hupimwa upya kila miaka mitano. Nilipoupeleka kuuliza bei ya kujaza, kijana wa kujaza aliusoma muhuri, akaangalia nyuzi za skrubu kwenye kichwa cha mtungi ambazo hazikuoana na mashine yake, akanirudishia mkononi. Alifanya sahihi, na ningekuwa yeye ningefanya hivyohivyo. Gesi yenyewe si ya shida nchini. Rungwe, Mbeya, inachimbwa kaboni dayoksaidi kutoka ardhini na kusafishwa kwa ajili ya soda na bia. Shida ni kupata mtungi uliopimwa, wenye nyuzi za hapa, na gesi ya daraja la chakula. Ile ya mafundi wa kuchomelea, ambayo kila mtu atakuambia ni ileile, haina anayekuhakikishia usafi wake.

Gesi iliyokuwamo bado tulijaribia. Nilipaka povu la sabuni kila kiungo, kama ninavyofanya kwenye friji, na regyuleta ikaanza kutoa mapovu madogo madogo pale inapokutana na mtungi. Washa, ile pete ya kuzibia kiungo, ilikuwa imekauka. Uvujaji wa namna hiyo hausikiki, hauna harufu, na mtungi huamka mtupu. Halafu ile geji ya juu humdanganya mwenye mtungi: gesi hii ikiwa bado ina kimiminika ndani, geji husoma presha ileile mtungi ukiwa umejaa au umebaki robo. Kujua kilichobaki unaweka kwenye mizani.

Hapo nikasimama kidogo na shemeji, kwa sababu alikusudia mtungi ukae kwenye stoo, na stoo ina mlango wa ndani unaofunguka chumba cha wajukuu. Kilo 2.3 za gesi hii zikivuja zote ni lita 1,170 hivi za hewa nzito, inayokaa chini. Stoo ile ina mita za ujazo kama kumi. Ni zaidi ya asilimia 11, na asilimia 10 inatosha kumpotezea mtu fahamu kwa dakika chache. "Mtungi ukae nje, barazani," nikamwambia, "umefungwa mnyororo, kivulini." Alikubali bila ubishi. Nadhani ndipo alipoanza kuitazama kegi kwa jicho jingine.

Friza ya dada

Sasa nifike nilipotaka kufika tangu mwanzo.

Bia ya kegi hukaa sawa ikiwa baridi. Kwenye nyuzi 4, psi 11 zinatosha kuishikilia kwenye ujazo 2.4, nayo humiminika taratibu. Kegi hiyohiyo ikae kwenye joto letu la nyuzi 28 inataka psi 34 kushikilia gesi ileile, na ukifungua bomba unapata glasi ya povu na kidole kimoja cha bia. Chupa haina tatizo hilo. Chupa inalala stoo wiki nzima, na Jumamosi asubuhi unachukua sita tu ukaziweka baridini. Kegi hutaka baridi siku saba kwa wiki, wiki zote tano, kwa ajili ya watu watatu wanaokunywa siku moja.

Na baridi ya nyumba ile ilikuwa moja. Friza hufanya kazi kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Bia yenye kilevi cha asilimia 4.7 huganda kwenye nyuzi 2 na ushee chini ya sifuri. Nilifunga kidhibiti joto cha nje kwenye waya wa friza, kifaa ninachowafungia watu wa maua na dawa za mifugo, nikakiweka nyuzi 4. Kegi ikasimama ndani, urefu wake sentimita 63, kifuniko kikafunga kwa shida. Bia ikapoa vizuri. Ladha ilikuwa safi, niseme kweli, safi kuliko chupa yoyote ya shemeji niliyowahi kuonja.

Kwenye nyuzi 4 maji hayawi barafu. Jambo hilo mtoto wa darasa la tatu analijua, na sisi watu wazima wawili tulikuwa tumelizunguka siku tatu bila kulitamka mbele ya mwenye friza. Siku ya nne dada alikuta mifuko yake ya ubuyu imekuwa uji. Hakugombana. Usiku alichomoa kifaa changu, akaichomeka friza moja kwa moja ukutani kama zamani, akalala. Asubuhi alikuwa na barafu ya kuuza na sisi tulikuwa na kegi yenye jiwe ndani. Bomba halikutoa hata tone. Ule mrija wa ndani uliganda kuanzia chini. Bahati ilikuwa imebaki nafasi juu ya bia, na chuma kilistahimili. Tuliiacha uani iyeyuke siku nzima, na ilipoyeyuka bia ilikuwa imepooza, imejaa vitu vyeupe vinavyoelea.

"Shemeji yako," dada aliniambia akiwa anafunga mafundo ya mifuko, hakuinua kichwa, "anapenda bia. Mimi nampenda. Lakini barafu ndiyo inayolipa ada." Kwangu hukumu ya kisa hiki ilitoka hapo, na mahesabu yangu yote ya psi yalikuwa maelezo ya pembeni.

Mtu anaweza kusema, nunueni friji ndogo ya mtumba kwa ajili ya kegi. Nililipima hilo. Friji inayokunywa umeme mwezi mzima ili wazee watatu wapate glasi Jumamosi, na umeme wenyewe ukikatika kutwa nzima kegi inapanda joto na kuanza kutema povu. Kwa nyumba yenye wanywaji wanane wanaomaliza lita 18 ndani ya siku kumi, ningesema ndiyo bila kusita. Kwa nyumba hii, hapana. Ningekuwa na shaka zaidi kama shemeji angepika mara mbili kwa mwezi, maana hapo kazi ya kuosha chupa ingekuwa kweli adhabu. Anapika mara moja kwa wiki sita.

Jinsi tulivyorudi kwenye chupa

Mkupuo wa haidromita ndio uliokuja kuwekwa chupani, siku ya kumi na moja, baada ya namba kukaa palepale siku tatu. Sukari haikuingia tena kwa kijiko. Tulipima gramu 117 kwa lita 18, ambazo ni gramu 6.5 kwa lita, tukazichemsha kwenye kikombe cha maji, tukazimimina kwenye ndoo safi, kisha bia ikafuata juu yake kwa mpira, polepole, isirushe mapovu. Kila chupa ikapata sawa na mwenzake. Mpira lazima ufike kitako cha chupa. Bia inayoanguka kutoka juu inabeba hewa, na kwenye joto la stoo yetu bia iliyobeba hewa huanza ladha ya karatasi mbichi ndani ya wiki chache.

Chupa moja haikuwa ya glasi. Tulijaza chupa ya plastiki ya soda, nusu lita, ikaminywa hewa ikatoka, ikafungwa na kuwekwa rafuni pamoja na wenzake. Hiyo ndiyo saa yetu. Kila asubuhi shemeji anaibonyeza kwa dole gumba. Siku ya kwanza laini, siku ya nne inakataa kidogo, siku ya nane ngumu kama soda iliyotoka dukani. Ikifika hapo gesi ipo, na chupa zote zinahamia chini ya meza ya zege, mahali pa baridi kuliko pote, zimefunikwa gunia linalolowekwa asubuhi. Plastiki ikiendelea kuvimba kupita ugumu wa soda, mzee ana simu yangu.

Magoti tuliyapatia dawa ndogo tu: chupa husuuzwa palepale inapomiminwa, mara tatu, na kusimamishwa kichwa chini. Mashapo yakikauka ndani ndipo unahitaji brashi na nusu siku. Wale wenzake wa gatini wameambiwa wasipoisuuza ya kwanza hawapewi ya pili, na sasa wanafanya hivyo kwa mbwembwe, wakishindana nani chupa yake inang'aa.

Zilijazwa chupa 35 za glasi na ile moja ya plastiki. Tangu mwezi wa tatu hadi kusi lilipoanza kuvuma hakuna iliyopasuka. Mbili zilikuwa hazina povu kabisa kwa sababu kizibo hakikushika. Zile mashine za mkono za kufungia vizibo zinataka chupa yenye shingo ya mzunguko sawa, na hizo mbili zilikuwa na ukingo uliomeguka. Mbili kati ya thelathini na tano nazikubali.

Kegi ya pili

Kegi haikuondoka yote. Shemeji aliirudisha ile tuliyojaribia, pamoja na mtungi na regyuleta, halafu akalipia ile nyingine, tupu, bila kunishirikisha. Dada aliniambia kwa simu. Nilipomuuliza alisema mwanawe baharia anaoa mwezi wa kumi na mbili, Muheza, na siku hiyo moja watu watakuwa wengi, kegi itasimama ndani ya pipa la barafu.

Kwa siku moja, sina ubishi. Kupoza lita 19 kutoka nyuzi 28 hadi 4 kunakula kama kilo 6 za barafu, na ukihesabu joto la pipa, jua na mikono ya watu, weka 12. Barafu ya nani, hilo nilimwachia alijadili na mwenye friza. Alikuwa na swali jingine: kama coil ya shaba iliyobaki kwenye karakana yangu inaweza kulala ndani ya barafu, bia ipite humo ipoe ikielekea bombani. Nilimkatalia. Bia yenye gesi ni tindikali, na kinywaji chenye gesi kikipita kwenye shaba huimega shaba hiyo na kuipeleka matumboni mwa wageni. Iwe ya chuma kisichoshika kutu au isiwepo.

Jumapili iliyopita alikuja karakana, kegi amefunga nyuma ya baiskeli kwa mpira wa tyubu, akataka nimkague vipira vya mfuniko. Vilikuwa vizima. Nikamuuliza gesi ataipata wapi. Akasema kuna mtu Chumbageni ana mtungi, mzuri, haujatumika sana. Nimemwambia kabla hajatoa hela anisomee mwaka uliogongwa begani.